Daktari Asiyetibu: Hotuba kwa Wanaotaka Kuwa Watathmini wa Fidia ya Wafanyakazi California

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wataalamu wa afya wanaozungumza Kiswahili waishio California. Waliokuwa zamu siku hiyo waliomba waisome yote. Basi hii hapa, bila slaidi.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, madaktari wenzangu, wauguzi, na ninyi vijana mnaosubiri leseni: habari za asubuhi.

Nimeitwa kuzungumzia kazi ambayo wengi wenu mmeisikia kwa tetesi. Kwamba yupo daktari anayemwona mtu mara moja tu, hamwandikii dawa, hamchomi sindano, hampi hata tarehe ya kurudi, kisha anaandika karatasi na kulipwa dola 2,000 na ushee. Naona mnacheka. Mwenyekiti naye aliponialika aliniambia, "Daktari, ukifika kwenye pesa sema taratibu, watu waandike." Tutafika. Ila nikianza na pesa hakuna atakayenisikiliza tena, kwa hiyo zitakaa mwisho.

Kazi yenyewe ni hii. Mtu ameumia kazini. Bima ya mwajiri imelikataa dai lake, au imelikubali nusu nusu. Daktari anayemtibu amesema jambo, na upande mmoja haukubaliani naye. Sasa nani aseme? Hapo ndipo anapoitwa daktari tunayemwita kwa kifupi QME, yaani daktari aliyethibitishwa na jimbo kutathmini watu walioumia kazini. Si daktari wa mgonjwa. Si daktari wa bima. Anapokea mafaili, anampima mtu, anaandika ripoti, na ripoti hiyo inakwenda kuwa ushahidi mbele ya jaji.

Kwa nini jimbo lilihitaji mtu wa namna hii? Sheria ya fidia ya lazima hapa California ni ya 1913. Iliwafunga mwajiri na mfanyakazi kwenye makubaliano. Mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kwamba bosi alizembea. Akiumia kazini analipwa. Yeye naye, isipokuwa kwa mambo machache, hawezi kumpeleka bosi mahakamani kudai fidia kubwa ya uzembe. Makubaliano yana akili hayo. Lakini ukishaliondoa swali la nani mkosaji, yanayobaki ni maswali ya daktari. Ameumia kweli? Kazi ndiyo iliyomuumiza? Hali yake imetulia, au bado inabadilika? Kilichoharibika kisirudi tena ni kiasi gani, na kiasi gani cha hicho kimetokana na kazi?

Zamani kila upande ulikuja na daktari wake. Wa mfanyakazi anasema mgongo umekwisha, wa bima anasema mgongo mzima kabisa, jaji yuko katikati amebeba ripoti mbili zisizoonana. Ilibidi sheria ifanyiwe mageuzi, kwanza 1989 na tena 2004, hadi tukafika hapa tulipo: mgogoro ukitokea, idara ya jimbo inayosimamia fidia, DWC, inatoa majina 3 ya madaktari wa fani inayohusika, yanayochaguliwa kwa bahati nasibu. Mfanyakazi asiye na wakili anachagua mmoja. Mwenye wakili, kila upande unakata jina moja, na anayebaki ndiye anayepima.

Angalieni vizuri hapo. Anayebaki. Hukuchaguliwa kwa sababu unapendwa. Umebaki kwa sababu hakuna aliyekukata.

Nakumbuka bwana mmoja, mpakiaji wa mizigo ghalani, aliingia chumbani kwangu akakataa kuketi. Alisimama karibu na mlango, kofia mkononi, akaniuliza, "Daktari, wewe ni wa nani?" Hakuwa mkorofi. Alikuwa ameshaonwa na madaktari wengi, na kila mmoja alikuwa wa mtu fulani. Nikamwambia kwamba mimi si wake na si wa bima, sitamtibu, na atakayoniambia hayatakuwa siri baina yetu, yatasomwa na pande zote mbili. Akafikiri kidogo, akaketi. Ndugu zangu, maneno hayo semeni kila mara kabla hujagusa mtu. Huyu aliye mbele yako hajui kwamba daktari anaweza kuwa si tabibu wake. Usipomwambia, umemchukulia maneno yake kwa hila.

Tuje kwenye njia ya kupata cheti, na hapa nitapita haraka kwa sababu fomu mnaweza kuzisoma wenyewe. Kwanza, leseni ya California iliyo hai na isiyo na zuio. Hakuna njia ya mkato. Wenzangu mliosomea nje na bado hamjamaliza safari ya leseni, hiyo ndiyo hatua yenu kwa sasa. Si madaktari wa tiba peke yao wanaoweza kuomba. Wamo madaktari wa meno, wa nyayo, wanasaikolojia, wataalamu wa kairopraktiki, yaani wanaotibu kwa kunyoosha uti wa mgongo, na wengine. Daktari wa tiba lazima awe amemaliza mafunzo ya ubingwa yanayotambulika. Na kwa kawaida angalau theluthi moja ya muda wako wa kazi uwe ni wa kutibu wagonjwa moja kwa moja. Sharti hili nalipenda. Jimbo halitaki mtu anayeishi kwa kuandika ripoti tu, aliyesahau mgonjwa anafananaje.

Kisha kuna kozi ya kuandika ripoti za tathmini, na mtihani wa jimbo. Mtihani hauulizi kama unajua kutibu bega. Unauliza kama unajua sheria: nini maana ya hali kutulia, ripoti inatakiwa iwe na nini, nani unaruhusiwa kuzungumza naye na nani huruhusiwi. Nimeona mabingwa wa upasuaji, watu ambao mimi nikivunjika mguu nitawakimbilia, wakishangazwa na mtihani huo kwa sababu waliudharau. Ukifaulu, uteuzi ni wa miaka 2, kisha unaomba upya ukiwa na saa za mafunzo endelevu. Unaruhusiwa ofisi zisizozidi 10. Kikomo hicho kilikuja na mageuzi ya sheria yaliyoanza 2013, kwa sababu walikuwepo waliosajili ofisi kila kona ya jimbo ili jina lao litoke kila orodha.

Hicho ndicho cheti. Kusema kweli, cheti ndiyo sehemu nyepesi.

Sehemu nzito ni kugeuza mwili wa mtu kuwa namba, halafu kuitetea hiyo namba.

Alikuja kwangu kijana mmoja fundi wa mabati. Mashine ya kukata ilikuwa imechukua kidole gumba cha mkono wa kulia, chote, hadi kwenye kifundo kinachokishikiza kwenye kiganja. Shati lake la mikono mirefu lilikuwa limefungwa vifungo vya kifuani, lakini mkono wa kushoto ulikuwa umekunjwa hadi kwenye kiwiko, wa kulia umefungwa kifungo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mke wake yuko zamu asubuhi. Wa kulia alikuwa ameweza kuufunga kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto ulihitaji gumba ambalo hakuwa nalo.

Akaniuliza, "Daktari, kidole ni kimoja katika kumi. Ina maana nitapewa asilimia 10?"

Mnaonaje? Ni 10?

Sasa sikilizeni namba inavyojengwa. California inatumia mwongozo wa tathmini wa Chama cha Madaktari cha Marekani, AMA, toleo la 5. Katika mwongozo huo vidole haviko sawa. Gumba peke yake ni asilimia 40 ya kiganja. Cha shahada ni 20, cha kati 20, cha pete 10, cha mwisho 10. Kiganja kizima ni asilimia 90 ya mkono wote hadi begani. Na mkono wote ni asilimia 60 ya mtu mzima. Basi gumba lililopotea lote: 40 ya kiganja, mara 90 kwa 100, ni 36 ya mkono, mara 60 kwa 100, ni 21.6, tunaikamilisha kuwa 22. Kijana amepungukiwa asilimia 22 ya mtu mzima.

Hapo kazi yangu kama daktari kwenye hesabu imeishia. Nimepima upungufu wa mwili. Namba yangu inakwenda kwa wakadiriaji, na kwa aliyeumia kuanzia Januari 1, 2013, wanaizidisha mara 1.4, ikawa 30.8, yaani 31, kisha wanairekebisha kwa aina ya kazi yake na umri wake. Fundi wa mabati na karani wa benki wanaweza kutoka kwangu na namba ile ile, kisha wakafika mwisho wakiwa na ulemavu tofauti. Ndiyo maana mtathmini hatakiwi kuongeza namba kwa kuwa mtu ana familia, wala kuipunguza kwa kuwa kazi yake ni ya kukaa. Hiyo kazi ina wenyewe.

Lakini msidhani asilimia 1 ni ndogo. Katika mfumo huu, ulemavu wa kudumu ukifika asilimia 70, mtu anaingia kwenye pensheni ya maisha. Aliye 69 haimhusu. Fikirini mtu aliyekosa kufika pale kwa sababu daktari alipima mzunguko wa bega mara moja, kwa macho, bila goniomita, kile kifaa cha kupimia nyuzi za kiungo, kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda chakula cha mchana. Kwa nyendo za mgongo mwongozo unataka vipimo 3 mfululizo vinavyokaribiana, visitofautiane zaidi ya nyuzi 5 au asilimia 10. Visipokaribiana unarudia. Visipokubali bado, unaandika hivyo, na unaeleza. Nguvu ya kukamata unaipima kwa dainamomita, mikono yote miwili. Paja unalizungushia futikamba, umbali ule ule kutoka kwenye goti, kulia na kushoto, kwa sababu msuli uliopungua haudanganyi wala hausahau. Na saa unaiandika. Kwa majeraha ya misuli na mifupa, kanuni inataka angalau dakika 20 za ana kwa ana. Moyo na mapafu 30. Magonjwa ya akili saa 1. Hizo ni za chini kabisa. Mimi sijui namna ya kumpima mtu mgongo kwa dakika 20 na kulala usingizi.

Kabla ya kupima, uliza. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliandika mwaka 1700 kwamba kwenye maswali yote daktari anayomuuliza mgonjwa, aongeze moja: unafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 imepita na bado naletewa ripoti zenye mstari mmoja: "Mgonjwa ni mpakiaji wa ghala." Mpakiaji wa nini? Boksi lina uzito gani? Rafu ya juu iko kifuani au juu ya kichwa? Kwa zamu moja anainama mara ngapi? Anasukuma kwa mkono au ana mashine? Bila majibu hayo, ukija kuandika kwamba bega limeharibiwa na kazi, umeandika imani, hujaandika tathmini.

Na hapa niseme jambo kwetu sisi wa lugha hii. Mtu wa kwetu ukimuuliza "hali yako?" atajibu "namshukuru Mungu." Mguu unawaka moto, anamshukuru Mungu. Nimesoma ripoti ya mama mmoja mfanyakazi wa hoteli, kapitia kwa mkalimani, imeandikwa "anasema yuko vizuri." Mama yule hakuwa vizuri, alikuwa na adabu. Usiulize hali. Uliza analala kwa ubavu gani, anavaaje soksi, ngazi anapanda kwa mguu upi kwanza, ndoo ya maji ya kudekia anaibebaje siku hizi. Hapo utapata ukweli wala hatakuwa amelalamika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtathmini analipwa ili asione usufi pale palipo na mzigo.

Sasa nifike mahali panapowaangusha wengi. Mgawanyo.

Kisheria kuna maswali mawili yanayofanana sura, na ukiyachanganya umekwisha. La kwanza: je, kazi ilisababisha jeraha? Hapo kizingiti ni cha chini. Kazi ikiwa imechangia, hata kidogo, jeraha ni la kazi. Isipokuwa jeraha la akili. Hilo kwa kawaida lazima matukio ya kazini yawe yamechangia zaidi ya nusu ya visababishi vyote. Swali la pili: huu ulemavu uliobaki leo, ni sehemu gani imeletwa na jeraha lile, na sehemu gani na mambo mengine, kabla au baada? Tangu mageuzi ya 2004 daktari analazimika kugawa. Anaweza kugawia hata ugonjwa wa zamani ambao haukuwa na dalili yoyote. Lakini mwaka 2005 Bodi ya Rufaa ya Fidia, wajumbe wake wote wakiketi pamoja, iliweka sharti: daktari aeleze vipi na kwa nini. Asipoeleza, maneno yake si ushahidi.

Vipi, na kwa nini. Yaandikeni hayo ukutani.

Niwape kisa. Mama wa miaka 52, mhudumu wa nyumba ya wazee. Alikuwa anamhamisha mzee kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu, mzee akateleza, mama akamdaka. Mgongo ukalia. Picha ya MRI ikaonyesha diski ya chini imeshuka na kukauka, jambo ambalo ukilitafuta kwa watu wa umri huo unalikuta kwa wengi wasioumwa chochote. Daktari mtathmini wa kwanza, si mimi, aliandika sentensi moja: "Asilimia 50 ni kazi, asilimia 50 ni umri na uchakavu." Akatia sahihi.

Akaitwa kwenye mahojiano ya kiapo mbele ya mawakili. Wakili wa mama akamuuliza, "Daktari, kwa nini 50? Kwa nini si 40?" Kimya. "Kwa nini si 10?" Akajibu kwamba ni uzoefu wake. "Uzoefu wako unaniambia diski hii ilikuwa inamzuia kufanya nini siku moja kabla ya ajali?" Kimya tena. Alikuwa bingwa, tena bingwa hasa. Lakini mama alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi bila kukosa zamu kwa ajili ya mgongo, na ripoti haikuligusa hilo hata kwa nukta. Ikatupwa. Dai lililokuwa karibu kuisha likarudi nyuma, mama akaanza tena kusubiri.

Je, alikosea kugawa? Huenda kugawa kulikuwa sahihi! Hilo ndilo linaloniuma. Pengine kweli diski ile ilichangia. Lakini ona ambavyo angeandika: nimesoma mafaili ya miaka iliyopita, nimekuta alitibiwa mgongo mara kadhaa, daktari wake alimzuia kubeba vizito kwa wiki 6, picha ya zamani inaonyesha diski ile ile tayari imepungua, baada ya ajali pameongezeka mbonyeo unaogusa mshipa wa fahamu, na ganzi ya mguu ilianza wiki ile, kwa hiyo ugumu wa kuinama naugawa hivi kwa sababu hii, na udhaifu wa mguu wote naupeleka kwenye ajali kwa sababu hii. Kama mafaili ya zamani hayana kitu, hayana kitu, na hilo nalo liandikwe. Umri peke yake si kisababishi. Jinsia si kisababishi. Unene kumweka mtu kwenye hatari ya kuumwa mgongo ni jambo moja. Unene kuwa umesababisha ulemavu huu wa mtu huyu ni jambo jingine, na la pili ndilo unalotakiwa ulithibitishe.

Nikimaliza rasimu huwa naipitia na kalamu nyekundu, natafuta kila namba. Kila namba lazima ifuatwe na "kwa sababu." Asilimia 22, kwa sababu. Hali imetulia, kwa sababu. Jeraha ni la kazi, kwa sababu. Namba isiyo na "kwa sababu" naifuta hadi niipate sababu yake, na wakati mwingine nikiitafuta nagundua namba yenyewe ndiyo iliyokuwa si sahihi.

Kuhusu hali kutulia, neno fupi. Maana yake si kwamba mtu amepona. Maana yake haitarajiwi ibadilike sana ndani ya mwaka ujao, atibiwe au asitibiwe. Ukiletewa mtu ambaye wiki ijayo anafanyiwa upasuaji wa goti, jibu ni moja: bado. Mawakili watanuna. Waache.

Na mawakili, pamoja na maafisa wa madai wa bima, ndio watakaokujaribu. Si kwa rushwa. Hizo ni hadithi za sinema. Ni kwa simu ndogo. "Daktari, swali moja tu la haraka kabla hujaandika." Sheria inakataza upande mmoja kuwasiliana nawe juu ya kesi bila mwingine kujua. Kila kitu kwa maandishi, na nakala kwa wote wawili. Mfundisheni mpokea simu wenu kabla ya kujifundisha wenyewe, kwa sababu yeye ndiye anayeinua simu.

Watakuletea pia video. Bima inaruhusiwa kumfuata mtu barabarani na kumrekodi. Nililetewa moja pamoja na barua ya furaha: mfanyakazi anayedai bega limekufa, huyu hapa anatoka dukani na mifuko miwili mizito. Niliitazama nikairudisha nyuma, nikaitazama tena. Bega lililoumia lilikuwa la kulia. Mifuko yote miwili ilikuwa mkono wa kushoto. Alipofika kwenye gari aliiweka chini yote, akafungua mlango kwa mkono wa kushoto, akainama kuichukua mmoja mmoja kwa mkono ule ule. Mkono wa kulia ulikaa ubavuni dakika zote. Video ile ilithibitisha nilichopima. Siku nyingine video inathibitisha kinyume, na hiyo nayo unaiandika kama ulivyoiona. Namjua mtathmini ambaye kila ripoti yake inampendelea mfanyakazi, na ninamjua ambaye kila ripoti yake inaipendelea bima. Wote wawili hukatwa kwenye orodha ya watu 3.

Wauguzi, sijawasahau. Ninyi hamwezi kuwa QME, sheria haijawaweka. Lakini mafaili ya kurasa 1,000 lazima mtu ayapange na kudondoa yaliyo muhimu, na sheria inaruhusu mtu mwenye ujuzi amsaidie daktari kazi hiyo, mradi jina lake na alichofanya vitajwe ndani ya ripoti, na daktari mwenyewe aipitie. Historia kamili anaichukua daktari. Kumpima anampima daktari. Hitimisho ni la daktari, na chini yake anatia sahihi akitangaza kwamba akisema uongo ameingia kwenye kosa la jinai. Ripoti iliyoandikwa na kampuni ya kuandikia watu ripoti, daktari akatia sahihi tu, mawakili wanainusa kwenye ukurasa wa pili.

Haya. Pesa.

Kwa ratiba ya malipo iliyoanza Aprili 1, 2021, tathmini kamili ni dola 2,015. Zamani kesi ngumu zililipwa kwa saa, kukawa na ugomvi usiokwisha juu ya hizo saa. Sasa ni bei moja. Ndani yake mna kusoma kurasa 200 za mafaili, na kila ukurasa unaozidi hapo ni dola 3. Tathmini ya marudio ni dola 1,316.25, ripoti ya nyongeza 650, na mtu asipotokea siku ya miadi unalipwa 503.75. Tathmini ya magonjwa ya akili inazidishwa mara 2. Hakuna hata senti moja inayobadilika kwa sababu ya ulichohitimisha, na ukikuta mtu anakuahidi vinginevyo, toka nje ya chumba hicho.

Mnaona ni nyingi? Toeni kodi ya chumba, mpiga chapa, msaidizi, bima yako mwenyewe. Halafu hesabuni saa. Kesi ya mgongo na bega yenye mafaili mazito inaweza kunila siku mbili nzima za kuandika, na tathmini ya mwanzo inatakiwa iwe imetoka ndani ya siku 30 tangu umpime mtu. Ukichelewa, upande wowote unaweza kuomba daktari mwingine na jasho lako likaenda bure. Kama uandishi unakuchosha, kama kwenye kliniki yako ripoti za mwezi uliopita bado zimelala mezani, nakuomba kwa upendo kabisa usijaze ile fomu. Tibu watu. Tunawahitaji wanaotibu, na wengi wa wafanyakazi hawa wanakuja kwetu kwa sababu hawakupata daktari wa kuwatibu mapema.

Unayependa kuandika, unayeweza kukaa na swali la "kwa nini" hadi likujibu, njoo. Anza kwa kuununua mwongozo wa AMA, toleo la 5 na si la 6, maana jimbo hili bado linatumia la 5, usome sura 2 za mwanzo kabla ya kugusa majedwali. Wengi wanarukia majedwali. Kisha mtafute mtathmini akuonyeshe ripoti zake zilizofutwa majina, uone zinavyokaa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Tuchukue maswali. Mama pale safu ya tatu mkono wako uko juu tangu niliposema kurasa 1,000. Karibu, tuanze na wewe.